Kabaila wa Darasa la Pili

Nimekuwa mjamaa maisha yangu yote, na mwenye nyumba ya kupangisha tangu nikiwa na miaka saba. Watu wakisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo huniheshimu, na nusu ya pili huwa siitaji. Leo naitaja kwa sababu mwaka huu kuna mtu amehama nyumbani kwangu, na kila nikijaribu kusimulia alivyohama bila kuanzia huko nyuma, naonekana mtu mwema. Sikuwa mwema. Nilikuwa na maneno mengi tu.

Nyumba yenyewe iko Kariakoo, hatua chache kutoka Msimbazi, katika mtaa ambao zamani wote ulikuwa wa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani choo, jiko na bomba. Sasa tumebaki sisi. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma ghorofa, na nyumba yetu ipo katikati kama jino lililosahauliwa kung'olewa. Baba aliijenga kwa mshahara wa karani, chumba kimoja kimoja, kabla hajawa mtu wa siasa.

Kisha akawa mtu wa siasa. Akachaguliwa katibu wa tawi, na aliiamini ile kazi kwa moyo wake wote, hilo nitamtetea mpaka kesho. Ndipo ikaja miiko ya uongozi. Vijana wa sasa wengi hawaijui, nami nimeshazoea kuwaeleza wakati hawajaniuliza: kiongozi hakutakiwa kuwa na mishahara miwili, wala hisa kwenye kampuni, wala nyumba ya kupangisha. Baba alikuwa na mshahara mmoja, na hisa hakujua hata zinafananaje. Tatizo lilikuwa nyumba. Vyumba vinne vilikuwa na wapangaji, na kodi yao ndiyo iliyokuwa inatusomesha.

Kuacha ukatibu hakuweza, kwa sababu aliamini nchi ingeyumba. Kuuza nyumba mama alikataa, na mama akikataa kitu nchi iliyumba kweli. Lakini palikuwa na upenyo ambao wakubwa wengi waliupitia kabla yake. Baba akaenda kwa mwanasheria mmoja pale Posta, akarudi na karatasi zenye mhuri, na kuanzia siku hiyo nyumba ikawa yangu. Nilikuwa darasa la pili. Nilikuwa sijajua kufunga kamba za viatu, nikawa kabaila.

Ila baba hakuwa mnafiki wa kawaida. Mnafiki wa kawaida angeandika jina langu kwenye karatasi kisha akaendelea kupokea kodi mwenyewe. Baba alisema kama nyumba ni ya mtoto, basi mtoto ndiye atakayepokea. Hivyo kila mwisho wa mwezi nilikalishwa kwenye kigoda barazani, nimevaa sare za shule kwa kuwa ndizo nguo zangu nzuri, na wapangaji wakapita mmoja mmoja kunikabidhi bahasha. Nikishazipokea nazipeleka jikoni kwa mama. Baba saa hiyo huwa ametoka kwenda ofisi ya tawi, asije akaona.

Miongoni mwa wapangaji hao alikuwamo msichana aliyetoka Lindi kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo. Sisi watoto tuliambiwa tumwite Shangazi, na ndilo jina alilobaki nalo, ingawa hakuwa na udugu wowote na sisi. Yeye aliiona habari ile ya bahasha kuwa kichekesho kikubwa kuliko vyote alivyokutana navyo mjini. Wenzake walinipa bahasha kwa aibu. Shangazi alipiga goti kabisa, akanipa kwa mikono miwili na kusema, "Shikamoo, baba mwenye nyumba." Nami, kwa kuwa nilifundishwa kuitikia salamu, nikasema, "Marahaba." Korido nzima ikacheka. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Nilikuwa baba.

Shuleni hali ilikuwa ngumu zaidi. Darasani kwetu palibandikwa picha ya mnyonyaji: mtu mnene, kofia kichwani, mirija imetoka mdomoni mwake na kuingia kwenye migongo ya wavuja jasho. Mwalimu akauliza mnyonyaji anaishije. Mwenzangu mmoja akajibu kuwa anakaa kivulini anasubiri wenzake wamletee fedha walizozitolea jasho. Mwalimu akasema vizuri sana, mpigieni makofi. Nami nikapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba kama mimi ni mnyonyaji. Akaniambia niende nikacheze. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila swali la dunia hii, kuanzia ubeberu hadi bei ya pamba, akaniambia nikacheze.

Labda ndiyo maana nikawa mwalimu wa siasa. Wengine huchagua kazi kwa kuipenda, mimi nadhani nilikuwa najitetea. Nilifundisha kujitegemea, usawa na utu kwa sauti iliyosikika mpaka darasa la jirani. Mfumo ulipobadilika na somo la siasa likawa somo la uraia, nilipewa likizo ya wiki mbili na muhtasari mpya. Nilichofanya ni kubadilisha jalada la daftari langu. Wanafunzi hawakugundua, na mkaguzi naye hakugundua. Sina hakika kama mimi mwenyewe niligundua.

Nilipostaafu nilirudi kuishi kwenye nyumba yangu na mke wangu, tukachukua vyumba viwili vya mbele. Baba alikuwa keshafariki zamani, na ile miiko ilikuwa imekufa kabla yake. Vyumba vinne bado vilikuwa na wapangaji: mume na mke wanaouza nazi sokoni, fundi cherehani, kijana mwenye shahada anayeuza kava za simu, na Shangazi. Kiwanda kilishafungwa miaka mingi. Yeye alikuwa anapika vitumbua barazani asubuhi, na bado akinipa changu cha kwanza kwa mikono miwili. "Baba mwenye nyumba, kimeiva vizuri?" Nami naitikia huku natazama pembeni.

Nikajipa kazi ya kuurudisha ujamaa Kariakoo. Nilianza na neno Ndugu. Zama zetu kila mtu alikuwa Ndugu, mkubwa kwa mdogo, na nilitaka liwe hivyo tena. Lakini ukipita pale sokoni kila muuzaji anakuita kivyake: bosi, mkuu, kiongozi, mheshimiwa, na siku moja, nikiwa nimeshika fungu la mchicha, niliitwa mwekezaji. Nikasimama kumwelimisha yule muuza soksi aliyeniita hivyo. Nikamwambia mimi si mwekezaji wala mheshimiwa, aniite Ndugu. Alinisikiliza kwa adabu zote hadi nilipomaliza. Kisha akasema, "Sawa, ndugu bosi. Soksi unachukua?"

Nilichokuja kugundua ni kwamba zamani kumwita mtu jina la siasa ilikuwa hukumu. Ukimwita mtu kabaila, usiku halali. Ukimwita kupe, ndugu zake wanaanza kumkwepa. Siku hizi majina hayo yanarushwa kama maganda ya machungwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, siku moja saa tatu asubuhi niliandika kuusifia mtaro uliozibuliwa, nikaitwa chawa. Saa kumi jioni nikaandika kwamba umeziba tena, nikaitwa mwanaharakati. Aliyeniita ni mtu yule yule, kijana wangu wa kava za simu, anayelala milango miwili kutoka kwangu. Nilipomuuliza koridoni anamaanisha nini hasa, alishangaa. "Mwalimu, usichukulie serious. Hayo ni majina tu ya mjini."

Mimi nilikuwa nachukulia kila kitu kwa uzito. Jirani yetu wa kulia, mwenye lile ghorofa na duka la jumla chini yake, ni mtu wa Kilimanjaro, wa makamo, mkimya, anayefungua duka kabla ya jua na kusali kila Jumapili. Yeye nilimwita bepari. Sikumsengenya, nilimwita usoni, siku alipoweka jenereta karibu na dirisha langu. Nililitamka lile neno kwa nguvu zote za miaka thelathini ya kufundisha. Akatabasamu, akanishika mkono. "Amina, mzee wangu," akasema. "Mungu akusikie." Na kesho yake akaisogeza jenereta.

Huyo jirani ndiye aliyekuja kwangu mwanzoni mwa mwaka. Alinipa shikamoo, akakaa, akakubali chai. Akasema anataka tubomoe hii nyumba ajenge ghorofa jingine, na sakafu mbili za juu ziwe zangu na watoto wangu, kwa maandishi. Wapangaji tungewapa miezi mitatu. Nikamwambia kwamba nyumba hii si bidhaa, kwamba ardhi ni mali ya umma, na kwamba mtu aliyekaa mahali miaka hamsini na zaidi si mzigo wa kuhamishwa. Nilizungumza kama nusu saa. Alinisikiliza, akamaliza chai yake. "Nimekuelewa, mzee. Michoro nikuachie uiangalie tu?" Nikamwambia aiache.

Naomba nieleweke. Sikuwa na tamaa ya ghorofa. Magoti yangu hata ngazi mbili za baraza yanazilalamikia. Kilichoniangusha kilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa ile michoro, kisanduku kidogo kilichochorwa pembeni ya chumba cha kulala: choo cha ndani. Miaka yote nimevuka uani na kandambili, mvua ikinyesha nimejifunika mwamvuli, kwenda haja. Sera za ubeberu hazikuweza kuniyumbisha, ubinafsishaji haukuweza, choo cha ndani kiliweza. Niliutazama ule ukurasa kila siku. Wiki ya pili nilikwenda dukani kwa jirani kumuuliza, kama mfano tu, vigae vya choo vingekuwa vya rangi gani. Akanionyesha. Nikachagua kijani hafifu. Kama mfano tu.

Sasa ikabaki namna ya kuwatoa watu bila kuwatoa. Usiniulize jinsi mtu anavyoweza kuwaza hivyo na bado akajiona ana msimamo, maana nami nilikuwa simuulizi yule aliyekuwa anawaza. Nilijiambia kwamba kosa la mabepari ni kuamua peke yao. Mimi ningeitisha mkutano. Wapangaji wangejadili kwa uhuru, wangepima faida na hasara, wangeona maendeleo ya mtaa, na wangepiga kura wenyewe. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba wakielimishwa vya kutosha wangekubali kwa kauli moja kuondolewa.

Mke wangu nilimwalika awe katibu. Akakataa. "Mimi si mpangaji," alisema. "Mimi ni mnyonyaji mwenzako, nitasikilizia dirishani."

Tulikutana uani Jumapili mchana. Pale uani, tangu ghorofa la nyuma lisimame, jua linafika saa sita na kuondoka saa nane, basi. Shangazi ndiye aliyepanga zamu ya jua. Jumatatu kamba ni ya muuza nazi na mkewe, Jumanne ya fundi, hivyo hivyo hadi mwisho wa juma, na mwenye mtoto mchanga huruhusiwa kuingia zamu ya mtu yeyote. Hakuandika popote. Hakuna aliyempa cheo. Kwa miaka yote ile sijawahi kusikia ugomvi wa kamba, na mimi, mtaalamu wa usawa, sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kusemwa. Siku ya mkutano ilikuwa zamu yetu. Niliagiza mashuka yaanuliwe ili kupata nafasi ya kuhutubia.

Nikaanza. "Ndugu wapangaji." Nikaeleza historia ya mtaa. Nikaeleza tofauti kati ya maendeleo ya vitu na maendeleo ya watu. Nikaeleza kwamba uamuzi wa haki hautoki juu, unatoka kwa wahusika, na kwamba hakuna atakayelazimishwa. Ile habari yenyewe ya kubomoa niliiweka katikati, kama kidonge kichungu kinavyofichwa ndani ya ndizi. Walikuwa wamekaa juu ya ndoo na vigoda. Hakuna aliyecheza na simu. Nilidhani ni kwa sababu ya ufasaha wangu.

Nilipomaliza, kijana wa kava za simu akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Nimekusikiliza ila hapo mwisho sijakupata. Sisi tukikataa, wewe huuzi?"

Lilikuwa swali la maneno manne. Nimetunga mitihani miaka mingi na sijawahi kutunga swali zuri kama lile. Nikamjibu kwamba demokrasia ina hatua zake. Akauliza hatua zipi. Nikasema kwanza tupige kura.

Wanaokubali wanyooshe mikono. Hakunyoosha mtu. Wanaokataa. Ikanyooshwa mikono minne: muuza nazi, mkewe, fundi, kijana. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na bomba, mikono imelala mapajani. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. "Mimi nasikiliza tu, baba," akasema. Nilimwandika kuwa hajapiga kura, na moyoni nikajiambia umri, pengine hakuelewa vizuri.

Nilisimama pale na matokeo yangu mkononi. Na hapa naomba mnicheke, kwa sababu nisipochekwa nitalia. Nikawashukuru kwa ushiriki wao wa kiraia, kisha nikatangaza kwamba mkutano huu ulikuwa wa ushauri. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Kuna watu nimewalaani maisha yangu yote kwa kusema maneno hayo. Dirishani kwangu kikasikika kicheko kimoja kifupi, dirisha likafungwa.

Asubuhi yake mke wangu alinipa chai, akakaa mbele yangu. "Baba yako alijificha nyuma ya mtoto," akasema. "Wewe unajificha nyuma ya wapangaji. Kama unataka kuuza, uza, waambie watu wajipange. Kama hutaki, acha kuwahutubia." Nikamwambia kwamba anachanganya mambo mawili ya kihistoria yasiyofanana. Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza.

Wiki zilizofuata nilizunguka kama kuku aliyepoteza kiota. Sikuwaambia wapangaji ndiyo wala hapana. Lakini kwenye kijiwe cha kahawa cha wastaafu wenzangu, mtaa wa Gerezani, nilisimulia habari hiyo kwa namna yangu: kwamba bepari mmoja amenitokea na ghorofa zake, na kwamba nimewakutanisha wananchi, na kwamba wananchi wamesema hapana. Wenzangu wakaniuliza kwa hiyo nimekataa. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi sana kusema. Wakanipongeza, mmoja akanilipia kahawa, mwingine akasema watu wa aina yangu wamebaki wachache. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele, na nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba bado sijakataa.

Basi nikakataa, kwa sababu nilishajisifu kwamba nimekataa. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Nilimfuata jirani dukani kwake, katikati ya marobota ya mitumba na wachukuzi, nikamrudishia michoro na kumwambia kwamba wananchi wameamua. Alikunja ile michoro taratibu. "Sawa, mzee. Nyumba ni yako," akasema. "Ila ungenieleza mapema. Vile vigae vya kijani nilishakuagizia." Nilitaka kumwita kitu. Nikamwomba radhi.

Sasa nilikuwa na ushindi, na ushindi unahitaji mkutano. Nikaandika ajenda nyingine, na kichwa chake kilikuwa Taarifa ya Mafanikio ya Mapambano ya Wapangaji. Nikaichapisha kwa mtu wa stesheneri, nakala tano. Nikaanza kuzigawa mlango kwa mlango. Fundi alinishukuru, akaitumia karatasi kupimia kola. Kijana wa kava za simu aliisoma, akaniangalia kwa namna ambayo sikuitegemea, akanipa mkono. "Leo umekuwa mzalendo, mwalimu," akasema, na sikujua kama ananitania.

Nikafika mlango wa Shangazi. Ulikuwa wazi. Yeye alikuwa ndani ameinama, anafunga godoro kwa kamba ya katani. Kuta zilikuwa tupu. Vyombo vyake havikuwepo, wala mashine yake ndogo ya kushonea iliyokuwa dirishani, wala masanduku mawili ya bati yaliyokuwa chini ya kitanda. Nikakumbuka kwamba kila juma mjukuu wake alikuwa anakuja na kuondoka na mfuko au sanduku, na kwamba nami nilikuwa nimekaa barazani nikimsifu kwa ukarimu, nikidhani anawapelekea wajukuu zawadi Mbagala. Alikuwa anahama mbele ya macho yangu, mzigo mmoja mmoja, tangu ule mkutano.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Ingia, usisimame mlangoni."

Nikampa karatasi, kisha nikakumbuka kwamba macho yake siku hizi hayasomi, nikamsomea mwenyewe. Nilipofika kwenye neno mapambano nikaikunja karatasi. Nikamwambia tu kwamba nimekataa. Nyumba haiuzwi. Hakuna anayehama. Nikamwambia, na huu ulikuwa uongo ambao wakati ule niliuamini, kwamba nimekataa kwa ajili yake.

"Nimesikia, walinisimulia," akasema. "Umefanya vizuri. Wale wenye watoto wangepata shida." Akaendelea kuvuta kamba.

"Sasa unafunga godoro la nini?"

"Naenda kwa mjukuu. Kirikuu cha kubebea mizigo kinakuja saa nne."

Nikamuuliza nimemkosea nini. Nilimuuliza kwa sauti ya mtoto, najua, kwa sababu niliisikia. Akaliacha godoro, akakaa juu yake, akapumua. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hasira yake ningeijibu, nimezoea kubishana.

"Hujanikosea, mwanangu. Umeniuliza tu," akasema. "Humu ndani nimeingia msichana, nimezaa humu, nimezika mume nikiwa humu. Sijawahi hata siku moja kulala nikawaza nalala kwako au nalala kwangu. Siku ile ulipotuita uani ukatuuliza, nikajua ni kwako. Basi. Tangu siku ile usingizi wangu umekuwa wa mgeni."

Nikamwambia nitamwandikia karatasi. Nikamwambia chumba hiki kitakuwa chake, bila kodi, kwa mhuri wa mwanasheria, mpaka. Nikalimeza neno.

"Mpaka nife. Sema tu, siogopi," akasema. "Na ukishaiandika hiyo karatasi ndiyo nitalala?"

Nilifundisha haki za binadamu, za raia, za mfanyakazi na za mkulima, kwa vichwa vya habari na vifungu vyake, na mbele ya mwanamke aliyekaa juu ya godoro lililofungwa sikuwa na kifungu hata kimoja. Niliona haya. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo.

Kirikuu kikaja saa nne kasoro. Godoro tulilibeba mimi na kijana wa kava za simu, ndoo zake akazibeba mke wa muuza nazi, na mke wangu akamfungia chapati kwenye kitambaa, wakakumbatiana pale barazani. Shangazi alikaa mbele karibu na dereva. Akaniita nisogee, akanipitishia dirishani ufunguo wa chumba, kwa mkono mmoja, kama watu wanavyopeana vitu.

Walipokwisha kukata kona ya Msimbazi nikageuka kuingia ndani. Jirani alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka lake. Aliniomba radhi kwanza, akasema anaona si wakati mzuri, ila ameshushiwa marobota na stoo imejaa, na kama chumba kile sasa kiko wazi angekipanga. Nilimtazama nikitafuta neno la kumwita. Nilikuwa nayo mengi, niliyafundisha miaka thelathini, na kila moja nililolijaribu lilinitosha mimi kuliko yeye. Nikamwambia alete mizigo yake kesho asubuhi.